Kizimbani: Shamba la Karafuu na Msamiati Ulioachwa na Utumwa

1.0 Utangulizi

Katika mtaa wa Kimanga mjini Uvira, na katika vijiji vya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, wazungumzaji wa Kiswahili hutumia kila siku maneno kama shamba, kibarua, mjinga, mshenzi na mungwana. Mtu akisifiwa kuwa ni mungwana hufurahi. Akiitwa mshenzi huweza kugombana. Wengi wanaoyatamka maneno hayo hawafikirii hata kidogo karafuu, wala visiwa vilivyo mbali na ziwa lao. Hata hivyo, maana za maneno hayo zilikomaa katika dunia moja, ile ya mji wa pwani, msafara na shamba kubwa la karne ya 19. Kiswahili kilifika Uvira kwa njia ile ile iliyopeleka pembe za ndovu na watu pwani.

Makala haya yanaeleza habari za shamba moja la dunia hiyo, yaani Kizimbani katika kisiwa cha Unguja, na yanaonyesha kile ambacho mgeni anayelitembelea anaweza kujifunza. Hoja ya makala ni kwamba historia ya wenye shamba imehifadhiwa katika majengo na vitabu, ilhali historia ya waliolima imehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika maneno. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha ana kazi ya kufanya shambani, sawa na mwanahistoria na mtaalamu wa mimea.

2.0 Shamba linavyoonekana kwa mgeni

Kizimbani iko kaskazini-mashariki ya mji wa Unguja. Mgeni hufuata barabara ya Bububu kandokando ya bahari, kisha huiacha na kuingia ndani ya kisiwa, ambako udongo ni mwekundu na miti ni mingi. Eneo hilo kwa muda mrefu limekuwa kituo cha utafiti na mafunzo ya kilimo. Wageni huletwa hapo na katika mashamba ya jirani ya Kidichi ili waone viungo: karafuu, mdalasini, iliki, kungumanga, pilipili manga, vanila na mchaichai. Kiongozi hukata jani, hulisugua kwa vidole na kumpa mgeni anuse, abahatishe ni kitu gani. Ni ziara ya kupendeza.

Zaidi ya miti, kuna majengo. Kidichi kuna hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, aliyejulikana pia kwa jina la Shehrazad. Kuta zake zina nakshi za chokaa za maua na ndege katika mtindo wa Kiajemi. Kizimbani nako kuna hamamu ya zama hizo, isiyo na nakshi, iliyokuwa sehemu ya shamba la Seyyid Said. Mgeni huonyeshwa mahali pa maji ya moto, mahali pa kupumzika na kuba zinazoingiza mwanga.

Kitu kimoja hakionekani kwa urahisi, nacho ni makazi ya waliopanda miti hiyo. Vibanda vyao vilikuwa vya fito, udongo na makuti, na vitu hivyo havidumu. Tena, ziara za kawaida za Unguja zina mgawanyo wake. Habari za utumwa husimuliwa mjini, katika eneo la Mkunazini, ambako soko la watumwa lilikuwapo hadi 1873 na ambako leo linasimama kanisa la Kianglikana. Huku shamba husimuliwa habari za viungo. Anayefuata mgawanyo huo huweza kurudi kwao akidhani kwamba mambo hayo mawili hayahusiani, kumbe watu waliouzwa mjini ndio waliolima shamba.

3.0 Historia fupi ya Kizimbani

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Waholanzi waliotawala biashara hiyo walijitahidi kuzuia mti huo usioteshwe penginepo. Mnamo miaka ya 1770 Wafaransa walifaulu kuchukua miche na kuipeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, yaani Morisi na Reunion. Kutoka huko, katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 19, Mwarabu wa Omani aitwaye Saleh bin Haramil al-Abri, aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na Wafaransa, aliuleta mkarafuu Unguja na kuupanda katika mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani.

Saleh hakudumu na mali hiyo. Mwaka 1822 Seyyid Said alikubaliana na Waingereza katika Mkataba wa Moresby, uliokataza watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Saleh alishtakiwa kuwa ameuvunja mkataba huo, na mashamba yake yakatwaliwa na Seyyid Said mwenyewe. Yafaa jambo hili lizingatiwe vizuri. Shamba lilichukuliwa kwa hoja ya kupinga biashara ya watumwa, kisha likaendelea kulimwa na watumwa chini ya mwenyewe mpya.

Seyyid Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na katika miaka iliyofuata alihamishia makao yake huko kutoka Maskati. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa na mashamba yanayotajwa kufika 45. Alipofariki mwaka 1856, Unguja na Pemba zilikuwa zimeshakuwa visiwa vya karafuu. Binti yake, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliishi kwa muda Kizimbani kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani Heinrich Ruete.

Ili kuelewa kwa nini karafuu ilihitaji watu wengi, lazima kuujua mti wenyewe. Mkarafuu huchukua takriban miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na muda wote huo palilio halikomi. Kinachochumwa ni tumba la ua kabla halijafunguka. Kwa kuwa matumba hayakomai yote kwa wakati mmoja, mti mmoja hurudiwa mara kadhaa katika msimu mmoja, na kila kikonyo huchumwa kwa mkono. Wachumaji hupanda mti mrefu wenye matawi yanayovunjika kwa urahisi. Baadaye karafuu hutenganishwa na makonyo na kuanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Mvua ikinyesha, zote huanuliwa mara moja. Kazi hii haina mashine hata leo.

Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa na ikawa mbele katika uzalishaji tangu hapo. Mwaka uliofuata, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Utumwa wenyewe uliendelea. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897.

4.0 Watu wa shamba na majina yao

4.1 Mtumwa, mtwana na mjakazi

Neno mtumwa linatokana na kitenzi tuma. Mzizi -tum- umepewa kiambishi cha kutendwa -w-, hivyo mtumwa ni mtu anayetumwa, asiyejituma. Mzizi huo huo umezaa mtume na mtumishi. Tofauti iko katika anayetuma na katika hiari ya anayetumwa, mambo ambayo mofolojia peke yake haiyaonyeshi. Pamoja na jina hilo la jumla, palikuwa na mtwana kwa mwanamume na mjakazi kwa mwanamke, na mdogo akaitwa kitwana au kijakazi. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, na mtoto wake kwa bwana huyo alihesabiwa kuwa huru. Amri ya 1897 haikuwahusu masuria. Wao walingoja hadi 1909.

4.2 Mjinga, mzalia na mwungwana

Watumwa hawakuwa tabaka moja. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala desturi za pwani, aliitwa mjinga. Kamusi za karne ya 19, kama zile za Steere na Krapf, zinaonyesha matumizi hayo. Ujinga katika maana hiyo haukuwa upungufu wa akili. Ulikuwa ni ugeni wa mtu aliyenyang'anywa lugha yake na kutiwa katika lugha nyingine. Leo tunamwita mjinga mtu asiyefahamu jambo, na katika neno hilo hukumu ya bwana juu ya mgeni aliyemnunua ingali hai.

Aliyezaliwa pwani kwa wazazi watumwa aliitwa mzalia. Huyu alijua lugha na dini ya mji, na kwa desturi hakuuzwa ovyo. Juu ya hao wote alikuwapo mwungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru. Uungwana ulikuwa hadhi ya ukoo kwanza, kisha ukawa namna ya kuvaa, kusema na kuenenda. Kwa sababu namna huweza kuigwa, watu wengi waliokuwa watumwa walijitahidi kuishi kama waungwana na kujiita hivyo, hasa wakiwa safarini, mbali na wale waliowajua. Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwa historia ya Kiswahili cha Kongo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

4.3 Nokoa, kadamu na ngwe

Shamba kubwa liliongozwa kwa ngazi. Juu alikuwapo msimamizi, ambaye mara nyingi alikuwa Mwarabu au mtu huru mwingine. Chini yake walikuwapo nokoa na kadamu, ambao kwa kawaida walikuwa watumwa wenyewe. Kwa hiyo mtumwa aliweza kuamriwa na mtumwa mwenziwe, na mpango huo uliwagawa watu wa shamba. Katika mashamba ya pwani, kazi ya kulima ilipimwa kwa ngwe, yaani kamba ambayo jina lake lilitumika pia kwa kipande cha ardhi kilichopimwa nayo. Mtu alipewa ngwe yake ya siku. Kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa watumwa waliachiwa walime vijishamba vyao wenyewe, ambavyo ndivyo vilivyowalisha.

Msimamizi ni neno lililobaki, na leo hata mitihani ina wasimamizi. Nokoa na kadamu yametoweka katika mazungumzo ya wengi, na mwanafunzi wa leo huyakuta katika kamusi tu.

4.4 Kibarua na shamba

Kibarua, kwa umbo lake, ni udogo wa barua. Hapo awali ni kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, kiwe ushahidi wa kudai ujira wake. Mjini Unguja wengi waliokodishwa kwa kazi kama hizo walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa kazi yenyewe na kwa mtu anayeifanya. Neno hilo linaeleza kwa ufupi hatua kati ya utumwa na kazi ya mshahara, na jinsi hatua hiyo ilivyokuwa fupi.

Neno shamba nalo lina sura mbili. Uvira, shamba ni mahali palipolimwa, hata pawe padogo. Unguja, shamba ni pia kinyume cha mjini, yaani sehemu yote ya nje ya mji. Mgawanyo huo ulikuwa wa watu vilevile, kwani mwenye mali aliishi mjini na mtumwa akaishi shamba. Tunapomcheka mtu leo kwa ushamba wake, tunasema kwa sauti ya mji uliojengwa kwa jasho la shamba.

5.0 Kutoka Kizimbani hadi Uvira

Haifai kutia chumvi. Sehemu kubwa ya watumwa wa mashamba ya Unguja walitoka pande za Ziwa Nyasa na kupitia Kilwa. Lakini njia ya kati, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilileta pia watu kutoka magharibi ya Tanganyika, na pwani waliitwa Wamanyema. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, waliikuta ni kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini wa ziwa, panaponunuliwa pembe na watumwa. Livingstone na Stanley walipita ufuko huo Novemba 1871, walipokwenda kuuchunguza mto Ruzizi na kuthibitisha kwamba maji yake huingia ziwani. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, eneo hilo lilisumbuliwa na nguvu za Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, aliyekuwa na makao Ujiji.

Faida ya njia hiyo ilirudi shambani. Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyetawala biashara ya pembe huko Manyema, alitumia utajiri wake kununua mashamba Unguja, na huko ndiko alikofia mwaka 1905. Hivyo pembe iliyotoka misitu ya Kongo iligeuka mikarafuu na watu wa kuipalilia.

Misafara hiyo ilipeleka bara watu waliosema Kiswahili: wapagazi, askari, wapishi na makarani. Wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, lakini huko bara walijiita waungwana, na wenyeji wakawaita hivyo. Lugha yao ikaitwa Kingwana, jina lililotumiwa na wamisionari na watawala wa Kibelgiji kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kwa hiyo lugha ya watu ambao pwani wangehesabiwa kuwa si waungwana ilipata bara jina la uungwana. Anayeidharau Kingwana kwa kuiona Kiswahili kibovu afikiri kwanza juu ya jina hilo. Linaonyesha watu walioikataa nafasi waliyopangiwa shambani na mjini, wakajipa nyingine.

6.0 Huru na uhuru

Baada ya 1897, mtumwa aliyetaka kuwa huru alipaswa kwenda mahakamani kudai hati, na bwana aliweza kulipwa fidia. Waliotumikishwa hawakulipwa. Wengi walibaki pale pale shambani, wakaruhusiwa kupanda mihogo na mazao mengine kati ya mikarafuu, na kwa kubadilishana wakapalilia miti ya mwenye ardhi. Ardhi haikuwa yao. Suala hilo liliendelea hadi Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ambayo yalifuatwa na kutaifishwa kwa ardhi na kugawiwa wakulima kwa vipande vya eka tatu. Hata leo Unguja neno eka tatu lina maana inayozidi kipimo cha ardhi.

Huru, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa kwanza sifa ya mtu mmoja mbele ya sheria. Uhuru ulikuwa ni hali ya kutomilikiwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 neno hilo lilipanuka likawa sifa ya nchi nzima, na Kongo ikajitangazia uhuru tarehe 30 Juni 1960. Neno lilibeba uzito mkubwa kwa sababu wazee waliolisikia majukwaani walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliolitafuta mahakamani.

7.0 Nani ameandika, na nani hajaandikwa

Maandishi tunayoyategemea yana upande. Kumbukumbu za Salme, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaeleza maisha ya kifalme kwa undani na zinautetea utumwa. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, lakini kama mfanyabiashara mkubwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa 1903, anatoa maelezo mengi juu ya utumwa, na yenye manufaa. Sauti zilizo karibu zaidi na watumwa wenyewe ni simulizi za vijana waliookolewa na kusomeshwa na misheni ya Kiungani, zilizotolewa na A. C. Madan mwaka 1887, lakini msomaji alizipata katika tafsiri ya Kiingereza. Nokoa wa Kizimbani hakuandika kitu, wala kadamu wake, wala mwanamke aliyeanika karafuu.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Kaskazini ya Uvira, katika bonde la Ruzizi, liko shamba la miwa la Kiliba na kiwanda chake cha sukari, vilivyoanzishwa na mitaji ya Wabelgiji katika miaka ya 1950. Kiwanda kilisimama kutokana na vita vya 1996. Katika kambi za wafanyakazi walikaa pamoja watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Shamba kama hilo huzaa msamiati wake: majina ya vyeo kama kapita, ya vipimo, ya zana, ya hatua za kazi, ya adhabu na ya malipo. Waliofanya kazi huko kabla ya 1996 wanazeeka. Maneno yao yasipokusanywa mapema, yatakwenda njia ya nokoa na kadamu, na watakaokuja baadaye watayakuta katika kumbukumbu za kampuni tu, yaani kwa upande wa mwenye shamba.

8.0 Hitimisho

Kwa umbo, jina Kizimbani ni kizimba pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Katika Kiswahili cha leo, kizimbani ni mahali anaposimama mshtakiwa mahakamani. Huenda mgeni asilifikirie hilo anaponusa jani la mdalasini, wala si lazima aharibiwe furaha ya ziara yake. Inatosha aelezwe, katika saa moja ile ile na mahali pale pale, ni nani aliyepanda, ni nani aliyechuma, na waliitwaje.

Kazi hiyo inahitaji watu wa lugha. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya pwani na vya maziwa makuu wanaweza kuanza kwa orodha fupi ya maneno ya kazi yanayotumika nyumbani kwao, wakamuuliza kila mzee neno hilo lilimaanisha nini alipokuwa kijana, nani alilitumia, na kwa nani. Kwa Uvira, mahali pa kuanzia ni karibu: ni Kiliba, mwendo mfupi kwa gari kutoka Kimanga.